Nimefuta Ubuntu, lakini GB 120 zimegoma kurudi kwenye C

Mama Stesheni
Wakuu, za mchana. Nina stesheni ndogo ya kutoa kopi hapa Chikongola, Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifika hata chai sinywi, watu foleni wanataka kopi za vitambulisho. Kompyuta yangu ni HP ya mtumba, SSD ya GB 256. Mdogo wangu alipokuwa chuo aliigawa nusu kwa nusu akaweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, pembeni ya Windows, kisha akaniachia hivyo hivyo. Jana C, upande wenye Windows, imebaki GB 3, skana ikagoma kuhifadhi, nikaingia Disk Management, pale Windows inapogawia diski, nikaifuta Ubuntu. Sasa kuna kipande cheusi cha GB 120, ila nikibofya C, neno "Extend Volume" la kuiongezea nafasi limefifia, halibonyezeki. Na leo nimewasha, badala ya Windows kimekuja kioo cheusi kimeandikwa grub> na kale kamstari kanapepesa tu. Windows nimeipata kwa kubahatisha kitufe cha F9 wakati wa kuwasha. Nimeharibu?

Mjomba wa Ligula
Hujaharibu, dada. Tazama mchoro wa diski: kati ya C na hicho cheusi hakuna kijipande cha MB 600 hivi, kimeandikwa Recovery? Windows ikipanda toleo huweza kujimegea hicho mwishoni mwa C. Nayo inaongeza C kwa nafasi iliyogusana nayo kulia tu. Ni kama umenunua shamba la pili, halafu katikati kuna mikorosho mitatu ya shangazi. Kumsogeza shangazi ni kazi ya GParted, programu ya kupanga vipande vya diski, unaiwasha kutoka kwenye flashi. Windows uizime huku umeshika Shift, la sivyo inalala nusu na GParted itakataa kuigusa C.

Hiyo grub> ni mabaki ya Ubuntu, inatafuta nyumba iliyokwisha bomolewa. Ukiwasha bonyeza F10, kwenye mpangilio wa kuwasha pandisha Windows juu. Kipande cha EFI usikiguse hata ukikiona kidogo, Windows nayo inawakia humo.

Kijana Naliendele
Mjomba, na umeme ukikatika shangazi akiwa njiani? Dada, betri inashika?

Mjomba wa Ligula
MB 600 ni dakika chache tu, usimtishe.

Mama Stesheni
Betri ilishakufa. Nikichomoa waya inazima palepale.

Kijana Naliendele
Basi mwache shangazi na mikorosho yake. Bofya kulia kile cheusi, chagua New Simple Volume, ipe herufi D, hamishia skani zote huko. Stesheni haihitaji C kubwa, inahitaji pa kuweka makaratasi.

Mjomba wa Ligula
Kama betri ni hiyo, hapo sibishi.

Mama Stesheni
Imekubali. Skani za misimu miwili zilikuwa GB 41, zote ziko D, C inapumua na GB 44. Kwenye F10 nimeikuta ubuntu imekaa juu kabisa, nimeishusha, sasa inawaka moja kwa moja. Ila mdogo wangu amepiga simu jioni hii kuuliza kama nilimtolea ripoti yake ya mafunzo humo kabla ya kufuta. Nimemwambia mtandao unasumbua, simsikii.