Vyumba vya laki mbili Kampala vimeisha kweli au mabloka wanatuchezea?

Kijana_wa_Bombo
Habari zenu ndugu zangu. Nimepata kazi Kampala, duka la vifaa vya ujenzi pale Ndeeba, mshahara si wa kujisifu lakini ni kazi. Shida ni pa kulala. Natafuta muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, au dabo ndogo ya vyumba viwili, kwa laki mbili mpaka mbili na nusu, isiwe mbali sana maana saa moja asubuhi duka liwe wazi. Nimezunguka na mabloka, hawa madalali wa vyumba, mpaka viatu vimeisha, kila mmoja anataka hela ya boda kwanza ndio akuonyeshe, na chumba chenyewe unakuta maji ya mtaro yanaingia mlangoni au choo kimoja wanapanga foleni watu wa milango kumi na mbili. Kile cha maana mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele, bloka naye anataka mwezi wake, kwa chumba cha laki mbili na nusu hiyo ni milioni moja kabla sijanunua hata godoro.

Kinachonichanganya ni hiki, nikipita Kyanja na Najjera naona magorofa mapya kabisa, madirisha ya vioo, hakuna mtu ndani, kibao cha kupangisha mpaka kimepauka kwa jua. Sasa nyumba hazipo au zipo?? Na kingine, nikifungua mdomo kwa Kiswahili bei inapanda hapo hapo, wanaona mimi mwanajeshi au mkimbizi anayetumiwa dola. Wenyeji nisaidieni, mlipataje? Na hii hali inaelekea wapi, au kila mtu apambane kivyake.

fundi_kutoka_Wakiso
Kaka pole, zipo na hazipo. Nimejenga hayo magorofa unayoyaona Kyanja nayajua kwa ndani. Mwenye hela akipata ploti yenye hati safi anajenga apatimenti za vyumba viwili vya kulala, anategemea watu wa NGO na wafanyakazi wa benki wapange kwa milioni na kitu, na watu wa namna hiyo si wengi kama wanaojenga wanavyodhani. Akikosa mpangaji hashushi bei, anasubiri, wengine wanaona bora likae tupu kuliko kulizoesha bei ya chini. Huku chini kwako wewe na mimi hakuna anayejenga vya kutosha. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba kama milioni 2.4 nchi nzima, ila usidhani ni watu milioni mbili wamelala nje, sehemu kubwa ni vibanda ambavyo havifai na familia ya watu sita kwenye chumba kimoja.

Halafu angalia watu walipo. Sensa ya 2024 Kampala yenyewe ilipata watu chini ya milioni mbili, Wakiso iliyoizunguka milioni 3.4! Maana yake nini, mji umeshamwagika nje zamani, watu wanalala Wakiso wanakuja mjini asubuhi, ndio maana ile jam ya Busega na Kalerwe haiishi hata wajenge barabara ngapi. Mimi nilitoka Katwe nikaenda Matugga, kodi ilishuka karibu nusu, lakini nauli ya taxi, zile basi ndogo, kwenda na kurudi ikala karibu yote niliyookoa na watoto siku hizi nawaona wakiwa wamelala. Kwa hiyo ukiambiwa nenda mbali kuna rahisi, weka nauli kwenye hesabu kwanza.

Mama_Mizigo_Kabowa
Nyinyi mnatusema tu wenye nyumba, ngojeni nami niseme. Nina milango sita Kabowa, mume wangu marehemu aliniachia mitatu, mingine nikaongeza kidogo kidogo, matofali mwaka huu, mabati mwaka ujao, hakuna benki iliyonipa hata shilingi. Kwa nini? Mimi nina kibanja, haki ya kukaa juu ya ardhi ya mwingine, sina hati. Ardhi ni ya mailo, umiliki wa zamani wa huku Buganda, mwenye hati ni mtu mwingine kabisa, mambo ya tangu makubaliano ya Waingereza na Buganda ya 1900, mimi namlipa busuulu yake, kodi ndogo ya ardhi. Sheria inanilinda nisifukuzwe ovyo sawa, lakini benki ukiwapelekea karatasi ya kibanja wanakuangalia kama umewaletea risiti ya nyanya. Na hata ungekuwa na hati, mkopo wa asilimia 18 au 20 utaulipa kwa vyumba vya laki mbili? Haiwezekani mwanangu.

Kodi ya serikali nayo. Tangu Julai 2023 mtu binafsi anatozwa asilimia 12 ya kodi yote ya pango anayokusanya ukitoa ile 2,820,000 ya kwanza ya mwaka, na haruhusiwi kutoa gharama hata moja. Milango yangu sita kwa laki mbili ni 14,400,000 kwa mwaka. Toa hiyo, inabaki 11,580,000, asilimia 12 yake ni karibu milioni 1.4. Hapo sijamwaga choo, sijapaka rangi, na kuna kijana alihama usiku na miezi miwili yangu. Sasa mwenye hela ya kweli anaona hati fungani za serikali za miaka mingi zinalipa zaidi ya asilimia 15, analala usingizi, hakuna choo wala mpangaji mlevi, unadhani atakujengea wewe muzigo? Ndio maana tunaojenga mizigo ni wajane na wastaafu, tunajenga kwa mwendo wa kinyonga.

Miezi mitatu mbele tunaomba kwa ajili ya hao wanaohama usiku. Si roho mbaya.

wakili_wa_mtaani
Mama nakuheshimu ila wapangaji nao wajue haki yao. Kuna sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022: kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kodi ni kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine, na kumtoa mtu unahitaji amri ya mahakama, si kuja na kufuli la pili usiku. Mkataba wa maandishi ni lazima kuanzia laki tano, sasa watu wa mizigo wengi wako chini ya hapo, mnapatana kwa mdomo, siku ya ugomvi LC, kiongozi wa mtaa, anasikiliza anayemjua. Kijana hata kama ni laki mbili andikisha, na kila ukilipa chukua risiti. Ukilipa kwa simu ni bora zaidi, ushahidi unabaki.

Bwaise_Survivor
asilimia 10 😂😂 banange. Mimi nilimwonyesha mwenye nyumba hiyo sheria kwenye simu akasema sawa, hapandishi kodi, ila mwisho wa mwezi anataka chumba chake ndugu yake anakuja kutoka kijijini. Ndugu hakuja, alikuja mpangaji wa bei mpya. Kwenda mahakamani kwa ajili ya muzigo nani ana muda huo?

Na usije Bwaise kaka, ni rahisi kweli lakini mvua ikinyesha unapandisha godoro juu ya meza. Watu wamejenga mpaka ndani ya kinamasi cha Lubigi kwa sababu ndiko kulikobaki kwa bei yao, 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, wakaja na greda, na maji yakikosa pa kwenda yanakuja kwetu.

Mzee_wa_Nakawa
Vijana mnaongea kama hili ni jipya. Tulikaa Nakawa, nyumba za serikali zilizojengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi, ndogo lakini kodi nafuu na kazini unatembea kwa mguu. Mwaka 2011 zikavunjwa, Nakawa na Naguru, familia zaidi ya 1,700 nje, tukaambiwa unakuja mji mdogo wa kisasa na sisi tutapewa kwanza. 2013 jiwe la msingi likawekwa kwa ngoma na hotuba. Mji wenyewe haukuja, ardhi wakaanza kugombania wakubwa. Wenzangu wengi waliishia Kinawataka na Banda kwenye mabati.

Kwa hiyo mtu akija na picha za kompyuta za nyumba nafuu mimi namuuliza moja tu, hawa waliopo watalala wapi wakati unajenga? Kubomoa kunaondoa vyumba vya bei ya chini leo, vipya vikija vinakuja kwa bei nyingine. Kuna mahali ilifanyika vizuri zaidi, fleti za Bugolobi shirika la nyumba la taifa liliwauzia wapangaji waliokuwemo ndani, na tangu 2001 sheria ya kondominiamu inakuruhusu kuwa na hati ya fleti yako peke yake ghorofani. Hiyo ndiyo njia, jengeni kwenda juu karibu na kazi, si kutandaza milango mpaka Luweero. Lakini watu wa kawaida walioungana kwenye SACCO wakajenga hivyo ni wachache mno, kila mtu anataka fiti zake 50 kwa 100 na geti.

fundi_kutoka_Wakiso
Mzee kwenye geti umenipata 😅 lakini SACCO nazo zina mambo yake, tulianza kuchangia ardhi Mukono ploti ikaja kuwa imeshauzwa kwa watu wengine wawili. Kabla ya kondominiamu tunyoosheeni ardhi kwanza. Mimi naona hata ile miji kumi mipya ya 2020, Arua, Gulu, Mbarara na wenzake, kama kazi zingekuwa huko huyu kijana asingehangaika Ndeeba. Walipewa jina la jiji, kazi zikabaki Kampala.

Dada_Nsambya
Mimi Mcongomani, la bei kupanda ukiongea Kiswahili ni kweli tupu, mara ya kwanza niliambiwa laki nne chumba ambacho jirani analipa laki mbili. Fanya hivi ndugu, achana na mabloka, nenda Jumapili mchana utembee mwenyewe karibu na kazini, uliza dada wa duka na anayeuza mkaa, wao wanajua nani anahama kabla mwenye nyumba hajajua. Mpeleke Mganda aulize bei, wewe utokee wakati wa kulipa. Na uende siku mvua imenyesha!! Hapo huhitaji kuuliza kama panafurika.

Kijana_wa_Bombo
Asanteni sana jamani, mzee ile ya Nakawa sikuijua kabisa. Mama wa Kabowa, Kabowa na Ndeeba si mbali, huna mlango unaotoka? Miezi mitatu siwezi, naweza miwili na nikulipe kwa simu. Umeme ni wa kuchangia au?

Mama_Mizigo_Kabowa
Yangu imejaa ila jirani yangu ana mmoja unatoka tarehe 30, laki mbili na ishirini, kila chumba na Yaka yake, mita ya umeme ya kulipia kabla, maji ya bomba uani jerikani unalipa. Miwili atakubali nikimwambia mimi. Njoo na barua ya LC wa kwenu Bombo, na bloka usije naye.

Kijana_wa_Bombo
Nakuja Jumamosi mama. Panafurika?

Mama_Mizigo_Kabowa
Kwake hapana, yuko juu. Kwangu mimi kidogo.