Nitrojeni iko ndani ya kiwango, kijito bado kinajaa mwani: mkaguzi aanzie wapi?

Kijito_Safi
Wakuu, naomba mwongozo. Nakagua shamba la ng'ombe 500 wa maziwa, wako bandani mwaka mzima. Samadi ya majimaji inakaa kwenye bwawa, kisha inamwagwa kwenye hekta 210. Kibali kinaruhusu kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, kiwango kilekile cha Umoja wa Ulaya cha tangu 1991, na hesabu zao haziuvuki mstari huo. Hata hivyo kijito cha bondeni kinageuka kijani kila kiangazi, na bwawa limeshafurika mara mbili. Tatizo liko wapi?

TabakaLaUdongo
Mkuu, mwani wa maji baridi mara nyingi unasubiri kirutubisho cha fosforasi ndipo ustawi, na kibali chenu hakijaigusa.

Piga hesabu hivi. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa takriban kilo 100 za nitrojeni na kilo 18 za fosforasi kwa mwaka. Kwa ng'ombe 500 ni kilo 50,000 na kilo 9,000. Tuseme asilimia 30 ya nitrojeni inapotea kama gesi ya amonia bandani na bwawani. Zinabaki kilo 35,000, ukigawa kwa 170 unapata hekta 206. Ndiyo maana 210 zinaonekana zinatosha. Fosforasi haipeperuki. Mazao yakiondoa kilo 30 kwa hekta, zinahitajika hekta 300. Ziada inabaki udongoni mwaka hadi mwaka, na udongo ukishashiba utaendelea kuvujisha fosforasi miaka mingi hata wakiacha kumwaga samadi leo. Dai vipimo vya fosforasi ya udongo kwa kila kipande cha shamba; wastani wa shamba zima unaficha vile vipande vya karibu na banda, ambavyo kwa kawaida ndivyo vimeshindiliwa samadi.

Fundi Tuta
Kuhusu kufurika, nina hakika bwawa lilipimwa kwa samadi na maji ya kuoshea tu, bila mvua. Ng'ombe 500 kwa lita 60 kwa siku ni mita za ujazo 30. Weka 20 za maji ya kuoshea sehemu ya kukamulia. Kwa siku 150 ambazo huwezi kumwaga shambani, hiyo ni 7,500. Sasa mvua: bwawa pamoja na uwanja mchafu unaomiminikia humo, tuseme mita za mraba 7,000. Msimu wa milimita 400 unaleta 2,800 (uvukizi tuuache), na dhoruba ya saa 24 ya milimita 125 inaleta 875. Jumla 11,175, na juu yake sentimita 30 za nafasi tupu chini ya ukingo. Aliyejenga 7,500 amekosa theluthi nzima.

Tiba ya bei nafuu kabla ya kupanua: maji ya paa yapelekwe mbali kwa mifereji yake. Kisha nguzo yenye alama za kina, isomwe na kuandikwa kila wiki. Marekani mashamba makubwa yanalazimishwa kuwa nayo, na ni sawa kabisa.

Kijito_Safi
Shukrani sana. Sampuli za samadi wanazichota juu ya bwawa kwa ndoo. Inafaa?

TabakaLaUdongo
Haifai hata kidogo. Fosforasi nyingi iko kwenye tope la chini, kwa hiyo sampuli ya juu inaipunguza. Likorogwe kwanza mpaka tope liinuke, zichukuliwe sampuli ndogo kadhaa wakati wa kupakia, zichanganywe kwenye ndoo ya plastiki, ijazwe chupa ya plastiki robo tatu tu (gesi inaifutua), iwekwe kwenye barafu hadi maabara. Na tahadhari: kukoroga shimo lililo chini ya banda kunaachia gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo inaweza kuua kwa dakika chache. Watu na mifugo watoke kwanza.

Mpima Nitrati
Nyongeza mbili. Mkisoma majibu ya kijito, angalieni kizio. Miligramu 50 kwa lita za nitrati ni sawa na 11.3 zikiandikwa kama nitrojeni; zidisha nitrojeni kwa 4.43. Nimeona ripoti zikilinganisha 12 na kikomo cha 50 cha nitrati na kusema maji ni salama, kumbe zile 12 zilikuwa nitrojeni.

Pili, ulizieni ramani ya mabomba ya kupunguzia maji yaliyofukiwa chini ya mashamba. Ukanda wa nyasi kando ya kijito hauzuii kitu kwenye maji ya bomba linalopita chini yake. Chukueni sampuli kwenye mdomo wa kila bomba, juu na chini ya shamba pia, ndani ya siku moja baada ya mvua; ya siku ya jua kali haitawaonyesha kinachosombwa na mvua. Halafu linganisheni tarehe za kumwaga kwenye daftari na rekodi za mvua. Samadi iliyomwagwa kwenye udongo uliolowa siku moja kabla ya dhoruba inaweza kuwa ndani ya kilo 170 na bado nyingi ikaishia kijitoni.

Fundi Tuta
Na daftari lenyewe likiandikwa kwa kalamu moja na mwandiko uleule kwa miezi sita, ombeni risiti za mafuta ya trekta, muone kama kweli ilikuwa shambani tarehe hizo.