Nimelipa pesa nyingi nyumba ionekane haijapakwa rangi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkiona nimeruka maneno mnivumilie.

Aprili tumehamia nyumba yetu huku Kyaliwajjala, pembeni ya Kampala, Uganda, tuliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka 6. Nikasema safari hii sibahatishi, nikamwita dizaina wa mambo ya ndani. Akaja na simu iliyojaa picha za nyumba za Ulaya: ukuta kijivu, sofa kijivu, zulia kijivu, hadi paka aliyelala juu ya zulia kijivu. Kila nilichouliza jibu lilikuwa hilo hilo, kijivu kinakubali kila kitu. Mapazia yangu ya rangi ya maziwa? Yatakaa. Mikeka ya mama, ile ya zambarau na kijani? Itakaa tu, mama. Nikalipa.

Sasa sikilizeni. Huku kwetu ukuta wa kijivu una maana yake, na hata mtoto anaijua. Ni plasta. Ni nyumba ambayo mwenyewe kapiga plasta, pesa ikakata, akahamia hivyo hivyo akisema rangi atapaka Krismasi. Kutoka hapa hadi Bweyogerere zihesabuni mchoke. Mimi nimenunua ndoo 4 za lita 20, rangi ya bei ya juu ile inayofutika kwa kitambaa, ili nirudi pale pale nilipokuwa siku fundi aliposhuka jukwaani na mwiko wake.

Hilo ningelimeza. Kilichonimaliza ni kwamba hicho kijivu hakitulii. Asubuhi kina afadhali. Mawingu yakijikusanya upande wa ziwani, kinageuka bluu ya sare za shule. Usiku nikiwasha taa kinavuta zambarau, na sote tuliokaa pale tunafanana na watu waliotoka kutolewa damu. Nikampigia dizaina. Akaniambia macho yangu hayajazoea. Macho yangu! Yana miaka 41 yanaona.

Aliyenifungua ni fundi wa rangi, mzee mmoja wa Busia ambaye hana hata simu ya kuonyesha picha. Alisema nyeupe ukiitia nyeusi tupu, bluu inajificha humo ndani ikisubiri mwanga hafifu itoke. Lazima uonjeshe njano kidogo, au ile nyekundu ya udongo, ndipo kijivu kinakuwa na damu. Kisha akapanda kiti, akafungua balbu ya sebuleni akanionyesha maandishi: 6500K, yaani mwanga mweupe wa baridi. Akaweka ya 3000K, yenye mwanga wa njano, aliyoitoa chumbani. Zambarau ikapungua hapo hapo. Haikuisha, ila ikapungua. Dakika 5, bila risiti.

Lakini mwenye kesi kubwa ni dirisha, na hili nimeligundua mwenyewe kwa kukaa kwenye sofa siku nzima nimenuna. Dizaina alikuwa kasema sebule yetu inatazama kusini, hivyo ina jua la kutosha kubeba kijivu baridi. Ni kweli kabisa, kama unaishi Uingereza. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi ikweta iko hapo Kayabwe, barabara ya Masaka, wanapopigia picha watalii. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la mchana linatupita kwa upande wa kaskazini. Dirisha la kusini linakaa kivulini miezi 6, na kwangu juu yake kuna paa la baraza, na mwezi wa nne na wa tano mvua ndiyo hiyo. Mtu kachukua jua la London akalibandika Kyaliwajjala, halafu akanitoza ushauri!

Vumbi jekundu sitalisema sana, mnalijua. Kwenye ukuta wa krimu huwa linajificha. Kwenye hiki kijivu, karibu na mlango, inaonekana kama bati limeshika kutu.

Na kabla hamjaniuliza: hapana, hakuna kipande cha ukuta tulichojaribia. Nilionyeshwa kikaratasi cha ukubwa wa kiberiti, dukani, chini ya taa za duka. Hapo kosa ni langu pia, nakubali, msinipige.

Aliyewahi kufunika kijivu kwa krimu au kwa ile rangi ya udongo iliyopauka, naomba aniambie: koti 2 zinatosha, au lazima nianze na nyeupe? Nimebakiwa na ndoo moja nzima haijafunguliwa na duka limekataa kuirudisha, eti ilichanganywa kwa oda yangu.

Wiki iliyopita shangazi alikuja kutoka Arua kuona nyumba. Akazunguka vyumba vyote, akasifu vigae, akasifu jiko, akamshukuru Mungu. Kuta hakuzitaja. Jana jioni simu yangu imelia, shilingi 50,000 zimeingia kutoka kwake. Shangazi huwa hatumi pesa, sisi ndio tunaomtumia. Nikampigia kumshukuru na kumuuliza ni za nini. Akashusha sauti, kama asiyetaka baba watoto asikie: "Za kuanzia rangi, mwanangu. Msione aibu."