Tupeane uzoefu: jukwaa la mbao la slam, nani amewahi kujenga?

Ndugu zangu wa slam, yaani mashairi ya kughani jukwaani, hapa mtaa wa Majengo, Goma, tunataka jukwaa letu uani kabla mvua hazijaanza. Pesa ya kukodi la chuma hatuna, lakini mbao na msumeno vipo. Aliyewahi kujenga ataje mtaa wake, atuambie alifanyaje, na wapi palimshinda.

Ndosho: Sisi tunakaa juu ya mawe ya volkano, uwanja ulio sawa hakuna. La kwanza tulikata miguu yote sentimita 40, tukaona tumemaliza. Dada mmoja akapanda na shairi la mama yake, kumbe mguu mmoja unaelea. Kila akigeuka, ko! Mikro (maikrofoni) ikabeba ule mlio mpaka kwenye bafle, yaani spika. Akakatiza ubeti, akaanza upya, ikagonga tena. Iliniuma sana, alikuwa amejiandaa wiki tatu. Siku hizi tunatumia mpira mwembamba wenye maji kutafuta usawa, halafu kila mguu tunaupima na kuukata peke yake. Chini tunapigilia kipande cha tairi kuukuu, kama kile cha magurudumu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Mlio umekwisha.

Himbi, fundi seremala: Msumari usiutegemee peke yake. Mbao za mikaratusi tunauziwa mbichi. Zikikauka zinasinyaa, msumari unacheza. Miguu ifunge kwa boliti, juu tumia skrubu. Kati ya miguu weka mbao za mshazari, pande zote nne. Ukiziacha, jukwaa litabeba uzito lakini litayumba kama mtumbwi. Tripleksi (plaiwudi) ya sakafu iwe ya milimita 18, boriti zikae kila sentimita 40 hivi. Ile ya milimita 9 ni ya bei rahisi, lakini itabonyea tu.

Katindo: Nakubaliana na kaka fundi, ila jukwaa lenye uwazi chini ni ngoma, hata likiwa imara. Sisi tulisukumia magunia ya mchanga humo na kutandika mkeka juu. Maranda tuliyakataa kwa sababu ya nyaya, yanashika moto upesi. Mguu wa mikro nao tuliutoa jukwaani tukausimamisha ardhini, mkono wake mrefu ndio unamfikia msemaji. Sasa hata anayenong'ona anasikika.

Majengo: Asanteni sana. Kaka fundi, Jumamosi ukipata nafasi, pita utuonyeshe hiyo mishazari. Mpira wa maji tumeshaazima kwa jirani.