Naomba ushauri: nimemtania baba mkwe mtarajiwa mchezoni

Wakuu, niko Dodoma, Area D. Usiku huwa nacheza Kingdom of Loathing, ule mchezo wa vichekesho wa mtandaoni wa tangu 2003: watu wamechorwa kama vijiti, pesa yake nyama. Humo mimi ni mwizi mwenye kodiani (msicheke).

Juzi mchezaji mmoja kaniomba nyama. Nikamjibu kwa Kiswahili, nikijua haelewi: "Babu, kachome Msalato!" (mnadani kwetu, kwenye nyama choma). Akarudisha kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi! Kumbe wa hapahapa?" Tukapiga soga. Yuko mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, ana duka la pembejeo, na Jumamosi binti yake analetewa posa.

Mleta posa ni mimi!

Nijitambulishe kabla, au nimtumie nyama kimyakimya ninyamaze? Mshenga anacheka tu, hana msaada.