Sanaa za tamaduni nyingine tunaziangaliaje? Mbona zingine hazinigusi kabisa

Rangi ya Jioni:
Wakuu habari za saa hizi. Nina swali linanisumbua kitambo, na kila nikiuliza najibiwa sanaa ni hisia, wewe angalia tu uguswe, sasa hilo jibu ndo linanimaliza kabisa maana mimi naangalia na siguswi.

Iko hivi, siku hizi makumbusho makubwa yameweka picha mtandaoni kwa ubora wa juu sana, unazoom mpaka unaona nyufa za rangi, na mimi nikikosa usingizi kazi yangu ndo hiyo. Nikikutana na Rembrandt au Vermeer, wale wachoraji wa zamani wa Uholanzi, sina shida, namuona mtu, mwanga unaingia kwa dirisha, uso unaongea, tumeelewana. Nikija kwenye michoro ya Kichina ile mirefu naona karatasi nusu nzima iko tupu, halafu mtu kaja kugonga mihuri myekundu juu ya kazi ya mwenzake kama fomu ya ofisini. Ile michoro midogo ya Kiajemi (Uajemi, Iran ya leo) watu wamepangwa juu ya wenzao, hakuna mbali hakuna karibu. Vinyago vya Afrika Magharibi wataalamu wanavisifia mpaka basi, mimi naona mbao. Sitar ya Wahindi, kile chombo cha nyuzi, ndo usiseme, dakika kumi nzima jamaa bado kama anatafuta pa kuanzia.

Je kuna namna ya kuangalia (na kusikiliza) ambayo mimi sina, au ukweli ni kwamba kila mtu anapenda vya kwao na hawa wanaosifia wanajifanya tu? Na kama ni lazima nisome kurasa kumi kwanza ndo nione uzuri, basi huo uzuri si uko kwenye kurasa, hauko kwenye mchoro?

Wino Mkavu:
Mtoa mada, hapo kwa Wachina macho yako hayana kosa, kosa ni jinsi ulivyooneshwa. Mchoro ule mrefu haukutengenezwa uonekane wote kwa mpigo. Unakaa umeviringishwa, ukitaka kuuona unauweka mezani, mkono wa kushoto unafungua na wa kulia unakunja yale uliyokwisha kuyaona, yaani unaona kipande cha upana wa mikono yako basi, unaenda kutoka kulia kwenda kushoto taratibu. Sasa makumbusho wakikupigia picha kitu kizima kikaingia kwenye skrini, wamekuonesha kitu ambacho mchoraji hakukusudia mtu akione hivyo.

Chukua ule wa Zhang Zeduan wa mji ulio kando ya mto, wa karne ya 12, uko Beijing. Urefu ni zaidi ya mita 5 na kimo sentimita 25 hivi tu. Ukianzia kulia ni shamba, miti, watu wachache, kimya. Unafungua, mto unatokea, mashua zinaongezeka, watu wanaongezeka, mpaka unafika kwenye daraja na kuna mashua inaingia chini yake mlingoti bado haujashushwa sawasawa, watu darajani wanapiga kelele, wengine wanarusha kamba, yaani taharuki tupu. Na hiyo taharuki umeifikia kwa mkono wako mwenyewe, hukuiona toka mwanzo. Ukiitazama yote kwa pamoja ikiwa imesinyaa kwenye simu, daraja ni kadoa tu katikati.

Sehemu tupu kwenye michoro ya milima hazijaachwa kwa uvivu, ule ni ukungu, ni maji, ni anga, na mchoraji anakuachia wewe umalizie. Na usitafute pa kusimama maana hakuna, unatembea. Hiyo tabia ya kutaka mistari yote ikutane sehemu moja kwa mbali ina tarehe ya kuzaliwa, ni Florence, Italia, miaka ya 1400, msanifu Alberti kaiandikia kitabu 1435, na inamtaka mtazamaji asimame sehemu moja kama vile ana jicho moja. Sisi tumeizoea kwa sababu ya kamera mpaka tunaona ndo macho yenyewe.

Mihuri ni ya waliowahi kuumiliki au kuukagua, ndo maisha ya mchoro hayo. Ila kuna aliyezidisha, Mfalme Qianlong (alitawala 1735 mpaka 1796) alikuwa anagonga mihuri na kuandika mashairi yake mpaka kwenye anga za wenzake. Hapo hata Wachina wenyewe wanamlaumu, kwa hiyo uko salama kukasirika.

Sina Muda:
Mnapamba sana. Kizuri ni kizuri. Lile wimbi la Mjapani Hokusai nani alihitaji semina ndo alipende? Van Gogh mwaka 1887 kanakili picha za Mjapani mwingine, Hiroshige, kwa rangi za mafuta, akajaza na herufi za Kijapani pembeni, na hakuwa anajua kuzisoma. Debussy, mtunzi wa muziki Mfaransa, kasikia gamelan, ule muziki wa kengele na ngoma wa Java, kwenye maonyesho ya Paris 1889, hakuna aliyempa kurasa kumi. Picasso 1907 kaona vinyago, na mwaka huohuo uchoraji wake ukabadilika. Jicho lenye kipaji linaona tu, lisilo na kipaji ndo linatafuta maelezo. Samahani mtoa mada sio wewe.

Mti Mkavu wa Mpingo:
Sina Muda umechagua mifano mizuri ila inakugeuka. Lile wimbi lilimwingia Mzungu kirahisi kwa sababu ndani yake kulishakuwa na vitu vyake. Ile buluu kali ni ya kutoka nje, ilitengenezwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700 ikafika Japani kwa biashara, na kale kamlima Fuji kadogo kule nyuma ni hesabu ya mbali na karibu ambayo Hokusai alijifunza kwenye picha za Ulaya. Kwa hiyo lilikuwa ni mchanganyiko tayari. Na hao watatu wote uliowataja walikuwa wanachukua cha kufanyia kazi zao, hiyo ni haki yao na walifanya makubwa, ila aliyechukua mbao za nyumba ya mtu akajengea yake hajatuambia chochote kuhusu ile nyumba.

Turudi kwenye vinyago. Mtoa mada unasema unaona mbao, na kweli umeoneshwa mbao. Kile ulichokiona ni uso uliokatwa kwenye mwili. Kinyago kilikuwa na vazi la nyuzi mpaka chini, mchezaji ndani yake, ngoma, vumbi, watu wanaokimbia na wanaosogea, na mara nyingi kuna ambao hawakutakiwa kukiona kabisa. Picasso mwenyewe aliviona kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, vimetulia, bila mchezaji. Sio Afrika peke yake, zile sanamu za shaba za enzi ya wafalme wa Chola kule India ya kusini, hekaluni zinavishwa hariri na maua mpaka unabaki uso, ila makumbusho tunazitazama uchi halafu tunasifia kiuno. Sanamu za Wagiriki zilipakwa rangi, wekundu na buluu, lakini watu walishaupenda weupe kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1930 pale British Museum wafanyakazi walizikwangua zile za Parthenon, hekalu la Athens, ziwe nyeupe zaidi! Yaani tunatengeneza kwanza tunachotaka kukipenda, kisha tunakipenda.

Na usidhani wenyewe hawana vigezo. Robert Farris Thompson, mtafiti wa sanaa Mmarekani, miaka ya 1960 alizunguka kwa Wayoruba wa Nigeria akiuliza watu wa kawaida, sanamu ipi nzuri na kwa nini. Walimjibu vizuri tu, tena wanabishana. Isifanane na mtu kupita kiasi na isiachane naye kabisa, iwe katikati. Mtu achongwe akiwa kwenye nguvu zake hata kama ni mzee. Iwe laini mpaka ing'ae, na isimame imenyooka. Sasa rudi kwenye picha zako, ukiona uso hauna makunyanzi na umetulia ujue fundi hakushindwa kuchonga makunyanzi, aliyakataa. Angalia na kichwa, ni kikubwa kuliko kipimo cha mwili, kwa Wayoruba kichwa ndo kimebeba bahati ya mtu. Hapo sijakupa kurasa kumi, nimekupa mistari mitano.

Rangi ya Jioni:
Aisee. Hiyo ya fundi kuyakataa makunyanzi imenikaa. Nimerudi kuangalia vichwa vya Ife, mji wa hao Wayoruba, sasa hivi na kweli naona kitu kingine, ule utulivu nilikuwa nauona kama sura haina kitu. Haya na sitar je?

Tala na Tabla:
Sitar njoo kwangu. Kwanza ujue hauko peke yako, 1 Agosti 1971 pale Madison Square Garden, New York, mpiga sitar Ravi Shankar na mwenzake Ali Akbar Khan walikuwa wanatuni vyombo tu, ukumbi mzima ukapiga makofi. Ravi akawashukuru, akawaambia kama mmependa kutuni hivyo basi natumaini muziki wenyewe mtaupenda zaidi 😂

Unachosikia mwanzoni kinaitwa alap. Hakuna ngoma, hakuna kasi, anaitambulisha noti moja, anaizunguka, anaiacha, anakuja ya pili. Usisubiri wimbo, sikiliza ni noti gani anaikwepa na gani anairudia rudia, baada ya muda utaanza kuitamani ile anayoikwepa, na akiigusa utaona mwenyewe. Halafu tabla, zile ngoma mbili ndogo, zikiingia anza kuhesabu, mara nyingi ni mzunguko wa 16 (teental), piga kofi 1, 5 na 13, kwenye 9 pungia mkono hewani. Wenyewe ukumbini wanahesabu hivyo kwa mikono. Wapigaji watapotezana makusudi halafu wote watadondoka pamoja kwenye 1, hapo ndo utasikia watu wanaguna kwa raha. Bila kuhesabu utapitwa na utamu wote, hilo mimi nasema wazi wala sirembi.

Sina Muda:
Sawa nimesoma yote. Bado nasema kuelewa na kupenda ni vitu viwili. Mtu anaweza kuhesabu hadi 16 usiku kucha na asipende.

Dada wa Maktaba:
Hapo Sina Muda nakupa. Na niongeze kwamba kuna mahali hata kuelewa hukualikwa. Wazee wa Papunya huko Australia walipoanza kuchora kwenye mbao mwaka 1971, picha za kwanza zilionesha mambo ya siri ya dini yao na jamii nyingine za wenyeji zikalalamika, baadaye wakawa wanayaondoa au wanayafunika kwa yale madoa madoa tunayoyaona mapambo. Kwa hiyo ukiziangalia ukahisi kuna kitu umefichiwa, umehisi sawasawa.

Waajemi hakuna aliyewagusa ngoja niwaseme mimi, na wengi wao kwa kweli hawanishiki hata baada ya kuwasoma. Isipokuwa mchoraji Behzad wa Herat, mji ulioko Afghanistan ya leo. Mwaka 1488 alichora kisa cha Yusuf na Zuleikha, yule mke wa bwana wake aliyemfungia milango ili amtongoze, iko Cairo. Ni jumba zima limefunguliwa kama halina kuta, vyumba juu ya vyumba, ngazi zinapinda, milango yote imefungwa, na Yusuf anakimbia juu kabisa, Zuleikha kamshika nguo. Angefuata ile kanuni ya Florence ungeona chumba kimoja tu na watu wawili. Lakini kisa chenyewe ni milango, na ili uione yote kwa pamoja ilibidi mbali na karibu vifutwe. Mtoa mada itafute hiyo, uanzie mlango wa chini, upande nao mmoja mmoja, halafu uje useme kama bado ni watu waliopangwa juu ya wenzao.