Pikipiki inawaka kwa choki tu, nikirudisha inazima. Msaada wakuu

Dagaa_Igombe:
Mwangaluka wakuu. Nina pikipiki ya Kichina, cc 125, ya kabureta. Nakaa Igoma, Mwanza, na kazi yake kubwa ni kunipeleka Igombe mara tatu kwa wiki kuchukua dagaa. Huu mwaka wa tatu, haijawahi kunisumbua zaidi ya cheni na matairi.

Wiki iliyopita asubuhi ikagoma. Nikavuta choki, ikawaka. Nikirudisha choki inazima pale pale. Nikiishikilia resi inakaa, nikiachia, kimya. Sailensa, yaani ule mngurumo wa chini bila kuvuta resi, haishiki kabisa. Nikiendesha na choki nusu inakwenda, ila kwenye mwinuko nikiwa na mzigo inakohoa, inapiga misi, halafu inajikaza tena.

Fundi wa mtaani kabadilisha plagi, hola. Kafungua kabureta, kaipuliza kwa mdomo, kafunga, kaniambia imekufa ninunue nyingine, 45,000. Mimi sina 45,000 ya kubahatisha. Nina spana, bisibisi na jioni zangu. Nianzie wapi?

Konda_Mstaafu:
Nunua punda mkuu. Hana kabureta.

Boda_Mkongwe:
Punda naye ana sailensa mbovu 😂

Sasa tuongee. Pikipiki inayowaka kwa choki peke yake ina njaa ya mafuta. Choki inabana hewa, ndiyo maana ukiivuta inapata nafuu. Ikiwa sailensa, mafuta yanapita jeti ndogo, kijiti chenye tundu jembamba ndani ya kabureta. Ukivuta resi ya kutosha jeti kubwa ndiyo inabeba. Kwa hiyo jeti ndogo imeziba, hapo sina wasiwasi. Kinachonitia shaka ni huko kukohoa ikiwa na mzigo, maana hiyo si kazi ya jeti ndogo. Kabla hujashika spana nijibu mawili: plagi ina rangi gani, na petroli unaweka wapi?

Dagaa_Igombe:
Plagi ina weupe weupe. Petroli naweka sheli, ila ikinikatikia Igombe nachukua chupa moja au mbili pale mwaloni, kwa wale wanaowauzia wenye injini za mitumbwi.

Boda_Mkongwe:
Ahaa. Ungeanza na hilo.

Mafuta ya mwaloni yanakaa kwenye madumu yanayopanda na kushuka mitumbwini, maji ya ziwa hayakosi kuingia. Mengine yameshachanganywa na oili ya injini za mitumbwi. Hiyo oili itakutolea moshi na kuchafua plagi, si zaidi. Maji ndiyo shida. Ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanatulia chini kabisa ya kikombe cha kabureta, pale pale jeti kubwa inapochotea. Ukipanda kilima injini inameza tone la maji, inakohoa, likipita inajikaza. Ni kama ulivyoeleza mwenyewe.

Jioni funga koki ya mafuta chini ya tangi. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, ile inayoonesha ndani, iweke chini ya ule mpira mwembamba wa kumwagia, kisha legeza skrubu ya chini ya kikombe. Ikishatoka yote iache chupa itulie dakika tano bila kuigusa. Ukiona mstari katikati, petroli juu na chini matone yanayoteleza ukiinamisha chupa, umeshampata mwizi.

Mama_Spea:
Kaka, usifanyie hiyo kazi barazani jirani na jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini mpaka ukutane na moto. Peleka uani, upepo upite.

Halafu ile oringi, mpira wa duara unaoziba kikombe, ukiitoa itakuwa imevimba, ukiirudisha haiingii kwenye mfereji wake. Watu wanakuja dukani kununua nyingine mbio mbio. Iache ikauke usiku mmoja, inanywea yenyewe. Nisemavyo hivi najikosesha biashara.

Kijana_Kirumba:
Jeti ikiziba mimi nachukua unywele mmoja wa waya wa breki nakwangua. Dakika mbili kazi imekwisha.

Boda_Mkongwe:
Mdogo wangu, ndiyo maana yako inakunywa mafuta kama lori. Jeti ni ya shaba, laini. Waya wa breki ni chuma. Tundu la jeti ndogo halifiki hata nusu milimita. Ukilikwangua umeshalipanua, na halirudi. Mwanza hii tunakosaje mshipi wa kuvulia? Chukua ule mwembamba kabisa, kata kipande kwa mshazari kipate ncha. Loweka jeti kwenye petroli usiku, asubuhi pitisha mshipi, malizia na upepo wa kompresa pale kwa mziba pancha. Kisha inua jeti juani uchungulie. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga, duara, isiyo na nyama pembeni.

Mhandisi_wa_Jioni:
Niongeze kidogo. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 10 hivi. Pikipiki iliyorekebishwa pwani ikija huku inakuwa na mafuta mengi kidogo.

Boda_Mkongwe:
Kweli, ila yake ina mafuta machache. Mwinuko haumhusu huyu.

Mhandisi_wa_Jioni:
Sawa mkuu, nimekubali 😅 Basi kwenye skrubu ya mchanganyiko, ile ya kabureta inayopima hewa na mafuta ya sailensa. Kabla hujaitoa izungushe kuifunga huku ukihesabu raundi, polepole, ikigusa acha, usiikaze, ncha itavunjika. Andika hiyo namba. Kama skrubu iko upande wa filta ya hewa inatawala hewa: kufungua ni kupunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini inatawala mafuta: kufungua ni kuongeza. Watu wengi wanazungusha bila kujua wameshika ipi. Kama hukuhesabu, anzia raundi moja na nusu.

Dagaa_Igombe:
Nimerudi wakuu. Kwenye chupa nimepata maji ya kujaza kifuniko cha soda, na vumbi la kahawia limelala chini yake. Jeti ndogo niliinua kwenye taa, giza totoro. Mshipi ulikataa mara nne, ya tano ukapita na chembe ya kijani ikang'ang'ania kwenye ncha. Hiyo chembe, ndogo kuliko jicho la dagaa, ndiyo ilitaka kunila 45,000!

Oringi ilivimba kama Mama_Spea alivyosema. Nimeianika dirishani, asubuhi imeingia yenyewe. Raundi moja na nusu, kiki mbili, ikawaka bila choki. Sailensa tulii. Mke wangu kaja kuuliza kama nimeizima.

Mama_Spea:
Hongera kaka. Utaniletea dagaa dukani.

Dagaa_Igombe:
Wakuu, siku tatu tu. Sailensa imeanza kupanda na kushuka yenyewe. Narekebisha asubuhi, nikifika Kisesa imeshabadilika. Halafu nimefagia uani nimeokota springi ndogo sana, kama ya kalamu lakini fupi. Ni ya huku kweli?

Boda_Mkongwe:
Ni ya ile skrubu ya mchanganyiko. Ndiyo inayoibana isizunguke. Bila springi mtikisiko wa barabara unaizungusha, kila kilomita una kabureta nyingine. Irudishe.

Na tangi ulilimwaga?

Dagaa_Igombe:
Tangi?

Boda_Mkongwe:
Yale maji ya kwenye kikombe yalitoka wapi mkuu? Tafuta ndoo.